Anton Chekhov: Daktari aliyejifunza kuandika kwa kupimiwa mistari

Na Mwandishi Wetu

WATU wengi wanaotamani kuandika hadithi huamini kuwa kipaji ndicho kila kitu. Kwamba aliyejaliwa huketi mezani, akashika kalamu, na maneno yakamjia kama mvua ya masika. Maisha ya Anton Chekhov, Mrusi anayehesabiwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa hadithi fupi duniani, yanaonyesha jambo tofauti. Kipaji alikuwa nacho, lakini kazi yenyewe alijifunza hatua kwa hatua, kama seremala anavyojifunza kupiga randa. Tena alijifunza huku wazazi na ndugu zake wakisubiri malipo ya kalamu yake ili wapate kula na kulipa kodi ya nyumba.

Chekhov alifariki dunia Julai 15, 1904, akiwa na umri wa miaka 44 tu. Katika muda huo mfupi aliandika mamia ya hadithi, akatunga tamthilia ambazo hadi leo zinachezwa katika majukwaa ya nchi nyingi, na wakati huohuo akatibu wagonjwa, kwa kuwa taaluma aliyosomea ilikuwa udaktari. Hata hivyo, safari yake haikuanza kwa heshima yoyote. Ilianzia katika vijarida vya vichekesho vilivyonunuliwa kwa senti chache, vikasomwa na kutupwa.

Mjukuu wa mtwana

Alizaliwa Januari 29, 1860, katika mji wa bandari wa Taganrog, kando ya Bahari ya Azov, kusini mwa Urusi. Babu yake, Yegor, alikuwa mtwana, yaani mkulima aliyemilikiwa na mwenye shamba pamoja na ardhi aliyoilima. Mwaka 1841, miaka 20 kabla ya utwana kufutwa nchini humo, mzee huyo alijikomboa yeye na familia yake kwa fedha alizokuwa amezidunduliza kwa muda mrefu.

Baba yake, Pavel, alikuwa na duka la vyakula. Alikuwa mcha Mungu aliyependa kuongoza kwaya ya kanisa, lakini pia alikuwa mkali kupita kiasi. Watoto wake walichapwa mara kwa mara, waliamshwa alfajiri kwenda kuimba kanisani, na jioni walisimama nyuma ya kaunta ya duka badala ya kucheza au kudurusu masomo. Mama yao, Yevgenia, alikuwa mpole. Huyo ndiye aliyewasimulia watoto hadithi za safari alizozifanya utotoni pamoja na baba yake, aliyekuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Baadaye Chekhov alikuja kusema kuwa yeye na ndugu zake walirithi kipaji kutoka kwa baba, lakini moyo waliurithi kwa mama.

Mwaka 1876 duka lilifilisika. Pavel akatoroka kwenda Moscow kukwepa kifungo cha wadaiwa, na familia ikamfuata. Anton, aliyekuwa na umri wa miaka 16, aliachwa peke yake Taganrog amalize shule. Kwa miaka mitatu alijikimu kwa kufundisha watoto wa watu na kuuza vitu vilivyobaki nyumbani, na kila alipopata chochote alikigawa na kuwatumia wazazi wake. Nyumba waliyokuwa wakiishi ilikwishapita mikononi mwa mtu mwingine.

Alipohitimu mwaka 1879, alikwenda Moscow akiwa na msaada wa masomo wa rubli 25 kwa mwezi kutoka mji aliozaliwa, akajiunga na Kitivo cha Udaktari cha Chuo Kikuu cha Moscow. Alikuta familia imebanana katika makazi ya chini ya jengo, kazi ya baba ni ya mshahara mdogo, na kaka zake wawili wakubwa wana vipaji lakini hawategemeki. Taratibu, kijana huyo wa miaka 19 ndiye aliyegeuka nguzo ya nyumba.

Kopeki tano kwa mstari

Kaka yake mkubwa, Alexander, alikuwa tayari akiandikia vijarida vya vichekesho. Anton akafuata njia hiyohiyo. Machi 1880, kijarida cha Strekoza cha St Petersburg kilichapa kazi yake ya kwanza, barua ya kubuni ya bwana mmoja wa shamba asiye na elimu anayejifanya kubishana na jirani yake msomi. Malipo yalikuwa kopeki tano kwa kila mstari, na kopeki 100 ndizo zinazofanya rubli moja.

Mwanzo huo haukuwa laini. Strekoza kilikuwa na safu ya kuwajibu waandishi, na humo kazi zake kadhaa zilikataliwa hadharani kwa maneno makali. Kabla ya mwaka kwisha aliachana na kijarida hicho, akatafuta milango mingine. Alitumia majina ya kubuni, maarufu zaidi likiwa Antosha Chekhonte, kwa sababu jina lake halisi alitaka kulihifadhi kwa ajili ya udaktari. Hiyo ni dalili kwamba wakati huo yeye mwenyewe hakuyaona maandishi yake kuwa kitu cha kujivunia.

Shule yake ya kweli ya uandishi ilifunguliwa mwaka 1882, alipokutana na Nikolai Leikin, mhariri wa kijarida cha Oskolki cha St Petersburg. Leikin alilipa vizuri zaidi, kopeki nane kwa mstari, lakini alikuwa na masharti. Hadithi isizidi mistari kama 100, iwe nyepesi, iwe ya kuchekesha, na ifike kwa wakati kila wiki.

Kwa mwandishi kijana, masharti hayo yalikuwa kama pingu. Chekhov alilalamika mara nyingi kwamba alilazimika kukata hadithi hadi ikabaki mifupa. Lakini pingu hizo ndizo zilizomfundisha. Mtu mwenye mistari 100 hana nafasi ya kueleza ukoo wa mhusika, wala kumchora kuanzia unywele hadi kisigino. Analazimika kuchagua jambo moja, pengine koti lililochakaa au namna mtu anavyoinama mbele ya mkubwa wake, na jambo hilo likabeba mengine yote. Analazimika kuanzia katikati ya tukio, na kumwachia msomaji akamilishe yaliyobaki.

Mazingira ya kazi hayakuwa ya kumpendeza mtu yeyote. Katika barua aliyomwandikia Leikin mwaka 1883, alieleza namna anavyoandika huku mtoto wa mgeni akilia chumba cha pili, na upande mwingine baba yake akimsomea mama kitabu kwa sauti. Mchana alikuwa darasani au wodini, usiku mezani. Hakuwa na anasa ya kusubiri msukumo wa moyo, kwa kuwa asipoandika, nyumba ilikosa chakula.

Somo la wodini

Chekhov alihitimu udaktari mwaka 1884. Wapo wanaodhani kwamba udaktari ulimpotezea muda, lakini mwenyewe alikiri kwamba masomo hayo yalipanua sana uwezo wake wa kutazama mambo na kumpa maarifa ambayo thamani yake ni mwandishi aliye daktari tu awezaye kuipima.

Miongoni mwa walimu waliomvutia ni Profesa Grigory Zakharyin, aliyesisitiza kwamba daktari asitibu ugonjwa kama ulivyoandikwa kitabuni, bali amtibu mgonjwa huyu aliye mbele yake, baada ya kumhoji kwa makini kuhusu maisha yake, kazi yake na mazoea yake. Si vigumu kuona somo hilo katika hadithi za Chekhov. Hamhukumu mhusika, wala hamhubirii. Humsikiliza, akaandika dalili zake, kisha humwachia msomaji uamuzi. Baadaye alikuja kumweleza rafiki yake, mchapishaji Alexei Suvorin, kwamba kazi ya msanii ni kuliweka swali sawasawa, si lazima alijibu.

Mwaka huohuo wa 1884 ulileta jambo jingine. Mwezi Desemba, daktari huyo kijana alianza kutema damu. Alikuwa anajua, au alipaswa kujua, maana ya dalili hiyo, lakini kwa miaka mingi alikataa kupimwa na aliwaambia jamaa zake kuwa si kifua kikuu. Tangu wakati huo, kila alichokiandika alikiandika akiwa na siku za kuhesabu.

Barua iliyomzindua

Mwaka 1885 Chekhov alianza pia kuandikia gazeti la Peterburgskaya Gazeta, ambalo halikumbana kwa idadi ya mistari wala kumlazimisha achekeshe. Ndipo sauti yake ikaanza kubadilika. Hadithi ya Mwindaji, iliyochapwa humo mwaka huo, inaeleza mwanamume na mkewe waliokutana njiani kwa dakika chache. Wanaongea, kisha mwanamume anakwenda zake. Hakuna kisa kikubwa, lakini msomaji anaiona ndoa nzima iliyokufa.

Januari 1886 ikafuata hadithi ya Huzuni. Mzee Iona, anayebeba abiria kwa kigari cha kuvutwa na farasi katika theluji ya St Petersburg, amefiwa na mwanawe wiki ileile. Anajaribu kumweleza abiria mmoja, kisha mwingine, kisha kijana mwenziwe wa kazi, na hakuna mwenye muda wa kumsikiliza. Mwisho, usiku, anakwenda bandani na kumweleza farasi wake. Kurasa zake ni chache, lakini wapo wanaoamini kwamba hata angeandika hiyo tu, jina lake lingedumu.

Machi mwaka huo alipokea barua asiyoitarajia. Mwandishi wake alikuwa Dmitry Grigorovich, mzee wa miaka zaidi ya 60 aliyeheshimika katika fasihi ya Urusi. Mzee huyo alimweleza kwamba amezisoma hadithi zake, kwamba ana kipaji cha kweli kinachomweka mbali na waandishi wa kizazi chake, na kwamba atakuwa ametenda dhambi kubwa asipokitendea haki. Alimsihi aache kuandika kwa pupa, hata ikibidi kulala njaa, na akamshauri atumie jina lake halisi.

Barua hiyo ilimtikisa. Katika jibu lake, Chekhov alikiri kwamba hakumbuki hadithi hata moja aliyoifanyia kazi zaidi ya siku moja, na kwamba Mwindaji, ambayo mzee huyo aliipenda, aliiandika kwenye kibanda cha kuogea. Alikiri kwamba alikuwa akiandika kama waandishi wa habari wanavyoandika taarifa za moto, bila kufikiri, pasipo kumjali msomaji wala kujijali mwenyewe. Lakini humohumo alitoboa siri moja: zilikuwapo picha na taswira alizozipenda mno, na hizo alizificha, akakataa kuzitumia katika hadithi za haraka. Yaani hata katika miaka ya kuuza mistari, fundi huyo alikuwa ameweka kando mbao zake bora.

Ushauri wa mzee haukuwa rahisi kuufuata. Kulala njaa peke yako ni jambo moja, kuwalaza njaa wazazi na wadogo zako ni jingine. Ukombozi ulipatikana kwa Suvorin, mmiliki wa gazeti kubwa la Novoye Vremya, aliyeanza kumchapa Februari 1886 kwa kopeki 12 kwa mstari na kumpa uhuru wa urefu. Sasa aliweza kuandika kidogo zaidi na kupata zaidi. Mwaka 1886 alichapisha kazi zaidi ya 100. Mwaka 1888 hazikufika 15.

Kanuni kwa kaka mkubwa

Mei 1886, akiwa na umri wa miaka 26, alimwandikia kaka yake Alexander barua ambayo walimu wa uandishi wanaitumia hadi leo. Aliorodhesha mambo sita yanayoifanya hadithi kuwa sanaa: isiwe na mahubiri marefu ya siasa na uchumi, mwandishi asiegemee upande, watu na vitu vielezwe kwa ukweli, iwe fupi mno, iwe na ujasiri wa kukwepa yaliyokwishazoeleka, na iwe na huruma.

Alimfundisha pia namna ya kueleza mandhari. Mwandishi asimwage sifa za mbalamwezi, bali atafute kitu kidogo, kama kipande cha chupa iliyovunjika kinachong'aa juu ya ukuta wa bwawa, na usiku mzima utaonekana. Hisia za mhusika nazo zisielezwe kwa kutajwa. Zionekane katika matendo yake.

Kuna jambo la kuhuzunisha katika barua hizo. Alexander ndiye aliyetangulia kuandika, na mdogo wake ndiye aliyeishia kumfundisha. Kaka mwingine, Nikolai, aliyekuwa mchoraji hodari, alizama katika ulevi, akafariki kwa kifua kikuu Juni 1889. Anton aliona kwa macho yake kwamba kipaji bila nidhamu hakimfikishi mtu popote. Mwaka huohuo alimwandikia Suvorin kuhusu kijana mmoja, mwana wa mtwana, aliyelelewa katika kupigwa na kuwanyenyekea wakubwa, ambaye hujikamua utumwa kutoka katika damu yake tone kwa tone. Hakuhitaji kutaja jina la kijana huyo.

Kushindwa na kuanza upya

Mwanzoni mwa 1888 alifanya jaribio kubwa. Aliandika Nyika, simulizi ndefu ya mtoto anayesafirishwa kuvuka nyika za kusini kwenda shule ya mbali, ikachapwa katika jarida kubwa la fasihi, Severny Vestnik. Kwa mtu aliyezoea mistari 100, kazi hiyo ilimsumbua. Aliogopa kwamba imekuwa mlolongo wa picha zisizoshikana. Wasomaji waliipokea kwa shangwe. Mwaka huohuo alipewa nusu ya Tuzo ya Pushkin, rubli 500, kwa mkusanyiko wa hadithi zake.

Lakini si kila alichogusa kilifanikiwa. Riwaya aliyoianza miaka hiyo hakuimaliza kamwe. Mwishoni mwa 1889 tamthilia yake moja ilianguka vibaya mjini Moscow. Mwaka uliofuata, badala ya kutulia, alivuka Siberia kwa magari ya farasi na vyombo vya majini hadi kisiwa cha Sakhalin, ambako serikali ya Urusi ilipeleka wafungwa. Kwa miezi mitatu alifanya sensa ya wakazi, akijaza maelfu ya kadi kwa kuwahoji watu mmoja mmoja. Hadithi alizoziandika baada ya safari hiyo, ikiwamo Wodi Namba Sita ya mwaka 1892, zina uzito ambao Antosha Chekhonte hakuwa nao.

Mwaka 1892 alinunua shamba Melikhovo, kusini mwa Moscow. Huko alitibu wakulima bila malipo, akapambana na tishio la kipindupindu, na akajenga shule tatu. Huko pia aliandika tamthilia ya Shakwe, iliyozomewa usiku wa kwanza mjini St Petersburg, Oktoba 1896. Aliondoka ukumbini akiapa kutoandika tena tamthilia. Miaka miwili baadaye, Desemba 1898, Ukumbi wa Sanaa wa Moscow chini ya Konstantin Stanislavski na Vladimir Nemirovich-Danchenko uliicheza tamthilia ileile, nayo ikashangiliwa. Baadaye zilifuata Dada Watatu na Bustani ya Cheri.

Mwalimu wa wengine

Machi 1897 alitokwa na damu nyingi akiwa mezani kwa chakula jijini Moscow, na safari hii hakuweza tena kukataa kupimwa. Mapafu yote mawili yalikuwa yameathirika. Alihamia Yalta, penye hali ya hewa ya joto, na mwaka 1901 akamwoa mwigizaji Olga Knipper.

Mwaka 1899 alimuuzia mchapishaji Adolf Marks haki za kazi zake kwa rubli 75,000. Mkataba huo ulimlazimu akusanye upya hadithi zote alizozisambaza katika vijarida kwa miaka 20. Akaketi nazo moja moja. Nyingine alizikata, nyingine aliziandika upya, na nyingi za ujana wake akazikataa kabisa zisiingie. Mwandishi aliyekomaa alikuwa akimsahihisha mwanafunzi wa zamani, na hakumwonea haya.

Kwa waandishi chipukizi hakuwa mchoyo. Walimtumia miswada, naye aliisoma akiwa kitandani na kuwajibu. Maxim Gorky alimshauri apunguze vivumishi, kwa sababu sentensi nyepesi isemayo kwamba mtu ameketi kwenye majani huingia akilini mara moja, ilhali iliyorundikwa sifa humchosha msomaji. Lydia Avilova alimwambia kwamba akitaka kumliza msomaji, yeye mwenyewe awe baridi zaidi anapoandika. Ivan Bunin naye alikumbuka akielezwa kwamba mtu akishamaliza hadithi inafaa aufute mwanzo na mwisho, kwani hapo ndipo waandishi hudanganya zaidi.

Majira ya kiangazi ya 1904 alipelekwa na mkewe Badenweiler, Ujerumani, kutafuta nafuu, na huko ndiko mauti yalikomkuta. Mwili ulirejeshwa Urusi kwa treni, katika behewa lililotumika kusafirishia chaza, ukazikwa jijini Moscow. Kwa mtu aliyeanza maisha ya kalamu kwa vichekesho, wengi waliona kwamba hata msiba wake ulikuwa na kipande ambacho yeye angekiandika.

Hadithi yake ya mwisho, Bibi Arusi, ilitoka mwaka 1903. Aliisahihisha kwa miezi kadhaa, akibadili na kupunguza hata ilipokuwa tayari kwa mchapaji, ingawa kwa wakati huo kuandika kurasa chache kulimtoa jasho. Mtu aliyewahi kukiri kwamba hakuna hadithi iliyompotezea zaidi ya siku moja alikuwa sasa anaweza kuhangaika na sentensi moja kwa siku nzima, na hakuna mhariri wala njaa iliyokuwa ikimlazimisha.